Tunamsingizia panya

Panya ni mweusi, ana gramu 20 na ushei, na amelala fofofo kwa dawa ya usingizi. Mtafiti anamshika ngozi ya shingo, kichwa juu, kisha kwa pipeti anamdondoshea puani tone la maji yenye virusi vya mafua. Ni mikrolita 30 hivi, tone ambalo ukiliweka juu ya ukucha wa kidole gumba halimwagiki. Panya aliye macho angepiga chafya au angelimeza. Huyu hana habari. Anavuta pumzi, na sehemu kubwa ya tone inateremka hadi mapafuni. Anarudishwa kizimbani, na kuanzia kesho yake anapandishwa kwenye mizani kila siku.

Siku mbili za kwanza mizani haisemi kitu cha maana. Kuanzia ya tatu au ya nne uzito unaporomoka, manyoya yanasimama, mgongo unajikunja, chakula hakiguswi. Akipoteza zaidi ya kiasi kilichowekwa na kamati ya maadili, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake, kanuni inataka auawe asizidi kuteseka. Wengine hawafiki huko. Kati ya siku ya nane na ya kumi wanarudi kwenye chakula, na ukipima mapafu yao virusi vimekwisha au vinakaribia kwisha. Kilichotokea katikati ya juma hilo, yaani kazi ya seli T, walinzi wa kinga wanaowinda seli zilizoingiliwa na virusi, ndicho ninachotaka tukizungumze.

Kila baada ya miezi michache, kwenye magrupu ya WhatsApp huzunguka habari ileile kwa nguo tofauti: wanasayansi wamegundua chanjo ya puani itakayomaliza mafua, au korona, au vyote kwa mpigo. Ukifungua na kusoma hadi aya ya nne ndipo unaambiwa waliochanjwa ni panya. Kwenye grupu la familia yetu watu hugawanyika hapo hapo. Wapo wanaoshukuru Mungu, na yupo mjomba wangu ambaye jibu lake halijawahi kubadilika: "Kwani mimi panya?"

Mjomba ana hoja, ila anampelekea asiyehusika. Katika suala hili la seli T na magonjwa ya njia ya hewa, panya ametuambia mambo mazito na ya kweli. Sisi ndio tunaosikiliza nusu ya maneno yake, tunajenga juu ya nusu hiyo, na nyumba ikianguka tunamtupia lawama.

Herufi T inatokana na thaimasi, tezi iliyojificha nyuma ya mfupa wa kidari. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wengi waliiona haina kazi ya maana. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, aliwatoa panya wachanga tezi hiyo na kuona kinga yao inadhoofu kiasi kwamba wanabandikwa ngozi ya panya mgeni na mwili hauikatai. Miaka kumi na kitu baadaye, Canberra nchini Australia, watu wawili waliobanana kwenye maabara moja walifumbua namna seli hizi zinavyofanya kazi: Peter Doherty, daktari wa mifugo kutoka Queensland, na Rolf Zinkernagel wa Uswisi. Tuzo ya Nobel iliwafikia mwaka 1996.

Walichokiona ni hiki. Kingamwili hukamata kirusi kikiwa nje, kinaelea. Seli T haishughuliki na kirusi kinachoelea. Yenyewe hukagua seli za mwili wetu, moja baada ya nyingine. Kila seli hukatakata protini zinazotengenezwa ndani yake na kuning'iniza vipande nje, mithili ya nyumba inayomwaga maganda mlangoni. Ukiona maganda ya ndizi unajua ndani kumepikwa ndizi. Seli T ya kuua ikiona kipande cha kirusi mlangoni, inamaliza nyumba nzima na waliomo.

Kwa mafua jambo hili lina uzito wa pekee. Kirusi cha influenza hubadili koti lake la nje kila msimu, ndiyo maana chanjo ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Protini za ndani hazibadiliki kwa kasi hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 Alain Townsend na wenzake Oxford walionyesha, kwa kutumia seli za panya, kwamba vipande vifupi vya protini ya ndani ya kirusi vinatosha kuiamsha seli T. Na kabla yao, mwaka 1965, Schulman na Kilbourne walikwisha kuona kwamba panya aliyepona mafua ya aina moja anapata nafuu akiambukizwa aina nyingine yenye koti tofauti kabisa. Hakuzuiwa kuambukizwa, aliugua kidogo, akapona upesi.

Je, ni mambo ya panya tu? Gonjwa la mafua la 2009 lilipoingia Uingereza, watafiti wa Imperial College London walikuwa wamechukua damu ya wafanyakazi na wanafunzi 342 na wakaendelea kuwafuatilia. Walioambukizwa wakiwa na seli T nyingi zaidi zinazozijua protini za ndani waliugua kwa wepesi zaidi, ingawa hawakuwa na kingamwili dhidi ya kirusi kile kipya. Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipokuja na koti lililoraruliwa na kushonwa upya, maabara ya Cape Town ilipima damu za watu waliochanjwa au kuugua na kukuta asilimia 70 hadi 80 ya mwitikio wa seli T bado upo, wakati kingamwili nyingi zilikuwa zimepotea njia. Hadi hapa panya hajatudanganya.

Sasa tufike mahali ambapo nusu ya maneno yake huachwa. Seli hizo zikae wapi?

Kuna mbinu moja ya maabara ninayoipenda kwa wepesi wake. Dakika tatu kabla panya hajauawa, anadungwa kwenye mshipa kingamwili yenye rangi ing'aayo, inayojibandika kwenye seli T. Dakika tatu zinatosha rangi kuzunguka na damu mwili mzima, lakini hazitoshi kupenya kwenye nyama ya pafu. Kisha pafu linatolewa, linasagwa, seli zinahesabiwa kwa mashine. Iliyopakwa rangi ilikuwa ndani ya mshipa wa damu, mpita njia. Isiyo na rangi ndiyo mkazi. Mbinu hii ilipoenea miaka ya 2010, watu waligundua, nadhani kwa aibu kidogo, kwamba sehemu kubwa ya seli walizokuwa wakiziandika kuwa "za mapafuni" zilikuwa za damu tu, hata pale pafu liliposuuzwa kwa maji ya chumvi kabla ya kusagwa.

Tofauti hiyo si ya kimaandishi. Anayemlinda panya dhidi ya mafua ya aina nyingine ni yule mkazi hasa. Fikiria mtaa wenye sungusungu. Polisi wapo kituoni, wana gari na silaha, lakini mpaka wapigiwe simu, wavae, watafute mafuta, mwizi keshavuka mto. Sungusungu anaishi pale pale, anamjua mgeni kwa nyayo zake. Seli T za kwenye damu ni polisi wa kituoni: huhitaji siku kadhaa kujizidisha na kufika. Seli wakazi huanza kazi ndani ya saa chache, na sauti yao ya kemikali huwaita wengine.

Na sungusungu wa mapafuni ana tabia moja inayowaumiza vichwa watafiti: havumilii utulivu. Kwenye ngozi ya panya seli wakazi hudumu muda mrefu mno. Mapafuni, miezi minne hadi sita ikipita bila tukio, nyingi zimetoweka, na ule ulinzi dhidi ya mafua ya aina nyingine unatoweka nazo, wakati kwenye damu seli T za kumbukumbu, zilizobaki tangu ugonjwa wa kwanza, bado zipo tele. Anayepima damu peke yake ataandika kwamba panya analindwa. Panya huyo atakufa. Kwa binadamu huenda hali ni nafuu kidogo. Kwa waliopandikizwa pafu, seli T za mtoaji zimeonekana zikiishi kwenye pafu lile zaidi ya mwaka mzima.

Sindano ya begani, kwa chanjo ya mafua iliyouawa, huleta kingamwili nzuri na sungusungu wachache sana. Ndiyo maana maabara nyingi zimekimbilia puani. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2022, kundi la Akiko Iwasaki liliwadunga panya chanjo ya korona kwenye msuli kwanza, kisha likawadondoshea puani protini tupu ya kirusi, na seli wakazi zikajaa kwenye njia ya hewa. Kazi safi. Habari kama hiyo ndiyo hufika kwenye grupu la familia ikiwa imepoteza mkia na masikio.

Lakini panya alikwisha kutuambia pia kwamba sungusungu wanaweza kuchoma nyumba ya mtu, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linagusa wodi zetu.

Kirusi cha RSV kilitambuliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua, na mwaka uliofuata kikapatikana kwa watoto wachanga. Kwa mtu mzima ni kamasi za juma moja. Kwa mtoto wa miezi miwili ni kifua kinachobana, mbavu zinazoingia ndani kila anapovuta hewa, na mama anayeambiwa ni nimonia. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema watoto wa chini ya miaka mitano wapatao 101,000 walikufa kwa RSV duniani, zaidi ya asilimia 95 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, wamekuwa wakikifuatilia kirusi hiki kwa zaidi ya miaka ishirini, wodini na nyumba kwa nyumba.

Katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilijaribu chanjo. Njia ilifanana na ile iliyofanya kazi kwa polio: chukua kirusi, kiue kwa formalini, changanya na chumvi ya aluminiamu, dunga msulini. Watoto walidungwa, wakatoa kingamwili, watu wakaridhika. Kisha msimu wa RSV ukafika. Katika kundi lililoelezwa zaidi, asilimia 80 ya waliochanjwa na kuambukizwa walilazwa hospitali. Kwa wenzao waliopewa chanjo nyingine ilikuwa asilimia 5. Wawili kati ya waliochanjwa wakafa. Chanjo ilikuwa imeugeuza ugonjwa wa kawaida kuwa ugonjwa mbaya.

Kwa nini? Jibu lilichukua miongo, na aliyelitoa kwa sehemu kubwa ni panya. London mwaka 1988, Cannon, Openshaw na Askonas waliwapa panya wenye RSV seli T za kuua zilizokuzwa nje ya mwili. Virusi vikasafishwa mapafuni, lakini panya wakazidiwa, wengine hadi kufa, mapafu yakivuja damu. Miaka mitatu baadaye Barney Graham na wenzake walifanya kinyume: waliwaondolea panya seli T za aina zote mbili kuu, wasaidizi na wauaji, kisha wakawaambukiza. Virusi vikakaa mapafuni muda mrefu kuliko kawaida, na panya hawakuonyesha kuugua.

Irudie sentensi hiyo ya mwisho. Panya amejaa virusi na hana dalili. Kukonda, kujikunja, manyoya kusimama, mengi ya yale tunayoyaita ugonjwa ni kazi ya walinzi wake mwenyewe. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba ile chanjo ya formalini ilizifundisha seli T wasaidizi vibaya: zilitoa kemikali za kuita esinofili, zile seli tunazozijua zaidi kwenye pumu na minyoo, na pafu la mtoto likajaa. Kingamwili nazo zilikuwepo, ila hazikushika kirusi sawasawa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ingawa sidhani walifikiria kiasi hiki.

Kwa hiyo mtu anaponiambia chanjo fulani "imeamsha seli T kwa wingi", sishangilii bado. Nyingi za aina gani? Zimefundishwa na nani? Zimekaa wapi? Na haki isemwe: suluhisho la RSV lililopatikana mwaka 2023 halikuja kupitia seli T hasa. Mwaka 2013 Jason McLellan, Graham na wenzao walionyesha umbo halisi la protini ya kirusi kabla hakijaingia kwenye seli, na juu ya umbo hilo zikajengwa chanjo, mojawapo ya kumchanja mama mjamzito ili kingamwili zake zimfikie mtoto tumboni. Sisi tunaopenda hadithi ya seli T tusiifiche hiyo.

Nimesema panya hadanganyi, lakini panya yupi? Yule mweusi wa maabara, jamii inayoitwa C57BL/6, ni kiumbe wa ajabu. Ndugu zake wote wamefanana naye kijeni kama mapacha. Hana jeni ya Mx1 inayofanya kazi, jeni ambayo huwapa panya kinga kali dhidi ya mafua. Jamii iliyokuwa nayo iligunduliwa na Jean Lindenmann mwaka 1962, ikawa inaishi pale wenzake wanapokufa. Tunapima ukali wa mafua kwa mnyama aliyevuliwa ngao tangu babu. Hata akipewa mafua, ni shida kumwambukiza mwenzake. Na hajawahi kuugua kitu. Amezaliwa kwenye kizimba kilichochujwa hewa, anakula chakula kilichochemshwa, kinga yake inafanana zaidi na ya kichanga kuliko ya mjomba wangu, ambaye amepita kwenye surua, malaria, minyoo na mafua ya daladala kwa miaka sitini.

Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota walifanya jambo ambalo mabwana afya wa maabara wangelipigia kelele: waliwaweka panya wasafi kizimba kimoja na panya walionunuliwa duka la wanyama. Baadhi ya wasafi walikufa. Waliosalia walipata seli T zilizokomaa, zikakaa hadi kwenye viungo ambako hazikuwepo, na kinga yao ikaanza kufanana na ya mtu mzima. Mwaka uliofuata kundi la Rosshart huko Marekani liliwapa panya wa maabara vijidudu vya tumboni kutoka kwa panya wa porini, kisha likawapa kipimo kikali cha mafua. Waliopewa vijidudu vya porini waliishi asilimia 92. Waliobaki na usafi wao, asilimia 17.

Kirusi kilekile, kipimo kilekile. Ukiwa umejaribu chanjo kwenye kundi la pili tu, utaiona ya miujiza, kwa kuwa panya yule angekufa kwa lolote.

Turudi kwenye lile tone. Oxford walikuwa na chanjo ya seli T ya mafua iliyobeba protini mbili za ndani, wazo lilelile la Townsend likiwa limekomaa. Ilipojaribiwa Australia kwa watu zaidi ya 2,000 waliokuwa tayari wamepata chanjo ya msimu, matokeo yaliyotoka 2022 hayakuonyesha nafuu yoyote ya ziada. Wengi wakasema: mnaona, panya na watu ni vitu viwili. Mimi naona kingine. Panya alisema seli ziwe mapafuni. Chanjo ilidungwa begani. Mafanikio ya awali yalihesabiwa kwenye damu.

Mwaka huohuo Oxford wakatoa matokeo ya jaribio dogo la kupulizia chanjo ya korona ya AstraZeneca puani. Kwa hamsta na kima ilikuwa imeonekana nzuri. Kwa watu ilikuwa hafifu. Wachache tu walitoa kingamwili puani, na za kwenye damu hazikufikia za sindano. Hapa mjomba anaweza kuniambia: haya, si mlipeleka puani kama mlivyotaka? Ndiyo, lakini tone la panya aliyelala halikuishia puani. Liliteremka. Maabara zinajua vizuri kwamba panya huyohuyo akipewa tone dogo akiwa macho, dawa inabaki puani na mapafu hayapati kitu. Mtu anayepuliziwa puani akiwa amekaa kwenye kiti, akimeza mate na kupenga kamasi, ni yule panya wa pili. Chanjo ya korona ya CanSino ya China ilikwenda njia nyingine: mtu anavuta mvuke wake kwa mdomo hadi kifuani.

Pua ya mtu mzima, isitoshe, si shamba jipya. Ina walinzi wa zamani dhidi ya kila kitu, wakiwemo wanaoweza kuiua chanjo yenyewe kabla haijafika.

Ningependa maabara za Afrika Mashariki zinazojenga uwezo wa kupima chanjo zisirithi mazoea ya kupima damu peke yake. Kupata seli za mapafuni kwa mtu aliye hai ni kazi. Inabidi bomba liingie kifuani, maji yamwagwe na kuvutwa tena, na si kila anayejitolea atakubali. Usufi wa puani ni rahisi zaidi na unasema kitu, ingawa hausemi habari za mapafu. Na panya wa majaribio, ikiwezekana, awe na uchafu kidogo.

Juma lililopita habari nyingine imeingia kwenye grupu, chanjo ya puani, panya wote wamepona. Mjomba akauliza lile swali lake. Nimemjibu kwamba safari hii namuunga mkono nusu, na nikamuuliza mtumaji kama makala imesema tone lilikuwa kubwa kiasi gani, na panya alikuwa amelala au yu macho. Bado hajajibu.